Nyumba ya Tajiri Husomwa Kuanzia Mlangoni

Mgeni akifika Wasso na kuuliza nani tajiri hapa, hakuna atakayemwonyesha nyumba. Ataambiwa asubiri jioni, ng'ombe wakirudi, aangalie vumbi. Sisemi pale senta penye mabati na maduka. Nasema kule kwenye maboma. Nyumba ya mwenye ng'ombe mia tano na ya mwenye kumi zinaweza kufanana kabisa kwa mbali: fito, udongo uliochanganywa na samadi, kimo kifupi, mlango mdogo. Utajiri wetu unatembea kwa miguu minne, hauwekwi ukutani.

Ndiyo maana sisi tuliotoka huko tukienda ziara ya mafunzo Zanzibar tunapigwa na butwaa. Tunasimama mbele ya mlango wa nakshi, tunapiga picha, tunaitupia mtandaoni, tunaondoka. Boom limekata, safari imeisha, na ile nyumba hatujaisoma. Tumeitazama tu. Na wenzetu waliokulia pwani nao wana shida yao: wameizoea mno kiasi kwamba hawaioni.

Makala hii ni somo la kusoma nyumba ya tajiri. Nitatumia majumba mawili ya ukoo mmoja, ukoo wa Al Busaid uliotawala Zanzibar: Mtoni, lililojengwa na baba, na Beit al-Ajaib, lililojengwa na mwanawe miaka kama hamsini baadaye. Hoja yangu ni moja. Jumba la kwanza lilitazama ndani, la pili likageuka likatazama bahari, na mgeuko huo ni historia nzima ya karne ya 19 iliyoandikwa kwa mawe, chokaa na chuma. Tukijua kuisoma, tutagundua kwamba hata sisi wa bara tumo humo ndani.

Kwanza tuwajue wenye nyumba

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alifika Zanzibar mara ya kwanza mwaka 1828, na baadaye akahamishia makao yake huko. Jumba lake kubwa la kwanza lilijengwa Mtoni, kaskazini ya mji, kandokando ya bahari, pale kijito kinapoingia baharini. Jina limetokana na kijito hicho. Said alifariki mwaka 1856 akiwa melini, akirejea kutoka Oman. Akafuata mwanawe Majid, na mwaka 1870 akashika mwana mwingine, Barghash, aliyetawala hadi 1888. Huyu ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883.

Mambo mengi tunayoyajua kuhusu ndani ya Mtoni tumeyapata kwa binti mmoja wa Said, Sayyida Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844. Mama yake alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akajifunza kuandika mwenyewe, kwa siri. Elimu hiyo ya kujiibia ikamwingiza kwenye siasa: Barghash alipopanga kumpindua Majid mwaka 1859, Salme, binti wa miaka kumi na mitano tu, ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za wapinzani. Mpango ukashindwa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Mwaka 1866 Salme aliondoka Zanzibar, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuishi Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Mwaka 1886 kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani. Kwa hiyo msomaji, kila ukisikia maelezo ya vyumba vya Mtoni, kumbuka yametufikia kwa sababu msichana mmoja alikataa kubaki bila kalamu.

Sasa tuingie. Nina maswali matano ya kuiuliza nyumba yoyote.

Swali la kwanza: mlango unamfanyia nini mgeni?

Katika nyumba za mawe za pwani, mlango ndio unaopambwa kuliko sehemu yoyote ya nje. Ukuta wa mbele unaweza kuwa mweupe mtupu, lakini mlango umechongwa kuanzia kizingiti hadi miimo: maua, minyororo, mawimbi, aya za Kurani juu. Mingine ina misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka, mtindo uliotoka India. Mgeni anajua hadhi ya mwenyeji kabla hajabisha hodi.

Lakini angalia kinachofuata. Nje pana baraza, benchi la mawe lililoshikana na ukuta. Wageni wengi wa kiume waliishia hapo: kahawa, habari za biashara, kwaheri. Ndani hawakuingia. Kwenye nyumba kongwe za Lamu jambo hili liko wazi zaidi. Ukipita mlango unaingia kwenye kijiukumbi kinachoitwa tekani, kisha njia inapinda. Hata mlango ukiachwa wazi, mpita njia anaona ukuta tu. Mapambo yanakuita, kona inakuzuia.

Sasa mtu wa Wasso atacheka kidogo, kwa sababu enkaji ya Kimaasai inafanya vilevile. Njia ya kuingilia inapinda kama kombe la konokono. Upepo wa baridi hauingii moja kwa moja, na mgeni hamwoni aliyeketi motoni mpaka amekata kona. Fundi wa Lamu na mama wa Kimaasai hawakuwahi kusoma darasa moja, lakini wote wawili walijua kwamba nyumba yenye heshima haimwonyeshi kila mtu ndani kwake.

Beit al-Ajaib inavunja kanuni hiyo. Milango yake ni mikubwa ajabu, imechongwa na kuandikwa maneno ya Kurani, na mbele yake pamewekwa mizinga miwili ya Wareno ya karne ya 16. Mlango mkuu unatazama bandari. Hapa mgeni anayekusudiwa si jirani wa mtaani. Ni balozi, nahodha wa manowari, mfanyabiashara mkubwa. Mlango umefanywa uonekane kutoka melini.

Swali la pili: katikati pana nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake halidanganyi. Kitu kilichowekwa katikati ya makazi ndicho kinacholindwa.

Katika boma la Kimaasai, katikati ni zizi. Nyumba za wake zimepangwa kwenye duara pembeni, mke wa kwanza upande wa kulia wa lango, wa pili kushoto, na kuendelea hivyo. Uzio wa miiba unazunguka kila kitu. Ukisimama katikati usiku, umezungukwa na ng'ombe. Ng'ombe wamezungukwa na watu. Watu wamezungukwa na miiba. Ramani nzima ya thamani iko hapo.

Mtoni katikati palikuwa na ua mkubwa. Salme anaeleza kwamba humo walizurura tausi, swala, mbuni, kanga na korongo. Kulikuwa na mabafu kando ya ua, na maisha yote ya jumba yalipita hapo: watoto, masuria, watumwa wa nyumbani, mafundi, wapishi, watu wa kila lugha. Yeye anakadiria kwamba jumba zima lilikuwa na watu kama elfu moja. Vyumba viliuzunguka ua huo na kuutazama. Kwa hiyo utajiri uliolindwa Mtoni ulikuwa watu: familia kubwa, wafuasi, na wale waliomilikiwa.

Hata hivyo Mtoni ilikuwa na jicho moja la kutazama nje. Upande wa bahari palikuwa na roshani pana ya mviringo iliyoitwa benjile. Huko wakubwa wa familia walikunywa kahawa, na Said alitembea huku na huku akiwa ameinamisha kichwa, akiwaza. Merikebu zilipita mbele ya macho yake. Lakini hiyo ilikuwa sehemu ya mwenye nyumba kuangalia, haikuwa ya yeye kuangaliwa.

Beit al-Ajaib katikati yake ni ukumbi mkubwa wenye paa, uliozungukwa na veranda za ndani kila ghorofa. Umbo la ua wa zamani limebaki, ila tausi hawapo, watoto hawapo, jiko halipo. Jumba hili lilijengwa kwa ajili ya sherehe na mapokezi zaidi kuliko kuishi. Familia iliishi jirani: sultani Beit al-Sahil, wanawake Beit al-Hukm, na majumba hayo yaliunganishwa kwa njia za juu zilizofunikwa ili wanawake wapite bila kuonekana barabarani. Katikati ya jumba jipya palibaki nafasi tupu ya kifahari, na kilicholindwa hapo kilikuwa sura ya dola.

Swali la tatu: ukutani pamewekwa nini?

Tuingie chumbani. Chumba cha mkubwa pale Mtoni, kwa maelezo ya Salme, kilikuwa kirefu, chembamba, chenye dari la juu na kuta nyeupe za chokaa. Kuta hizo ziligawanywa kwa vidaka, yaani mashimo marefu yaliyoachwa ndani ya unene wa ukuta, yakiwa na rafu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani. Juu ya rafu hizo zilipangwa glasi, sahani na bakuli za kauri zenye mapambo. Palikuwa na vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya, na saa, tena nyingi. Sakafuni mikeka na mazulia. Kitanda kilikuwa cha mbao nzuri kutoka India, kirefu kwenda juu. Nguo, fedha na vito vilitiwa kwenye makasha makubwa yenye misumari ya shaba, mengine yakiwa na saraka ndogo za siri.

Hebu tulia hapo. Hakuna kabati la nguo, hakuna meza ya kulia, viti ni vichache. Chumba kimoja ni sebule asubuhi na cha kulala usiku. Vitu vya kubeba, kama mikeka, mito na makasha, vinahama. Kilichotulia ni ukuta na maonyesho yake. Kidaka kinafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: kinapunguza mawe na uzito, kinakuwa rafu bila kula nafasi ya sakafu, na kinageuza ukuta kuwa barua ya utambulisho. Sahani ya China, kioo cha Ufaransa, kitanda cha India, zulia la Uajemi: ukikaa mkekani unasoma bahari yote ambayo mwenye nyumba anafanya nayo biashara.

Lamu waliipeleka sanaa hii mbali zaidi. Katika chumba cha ndani kabisa, kinachoitwa ndani, ukuta mzima unajazwa zidaka vidogo vidogo vya chokaa iliyochongwa, safu juu ya safu. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo mapambo yanavyoongezeka. Maana yake ni kwamba uzuri mkubwa kuliko wote uliwekwa mahali ambapo mgeni hafiki. Kwa sisi tunaoishi na simu mkononi, tunaopamba kile tu kitakachoonekana, hilo peke yake ni somo la kutosha mhula mzima.

Na usisahau maji. Huko Kidichi, kwenye mashamba ya karafuu, Said alimjengea mke wake wa Kiajemi, Shehrazad, hamamu yenye makuba, na kuta za ndani zikapambwa kwa chokaa iliyochongwa maua na ndege kwa mtindo wa kwao. Jengo hilo limesimama hadi leo. Nje ni jeupe na la kawaida. Ingia ndani ndipo utaona.

Swali la nne: paa limebebwa na nini?

Wanafunzi wa uhandisi mliokuwa mnasinzia, amkeni, hapa ni kwenu. Mtu anayeuliza kwa nini vyumba vya nyumba kongwe za pwani ni virefu na vyembamba kama korido, ajibiwe hivi: kwa sababu ya mti. Dari lilibebwa na boriti za mikoko. Mti wa mkoko ni mgumu na haushambuliwi kirahisi na mchwa, lakini urefu wake unaotumika kwa usalama ni kama mita tatu hivi. Chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti. Kinaweza kurefuka tu. Juu ya boriti huwekwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha chokaa inashindiliwa. Dari linakuwa zito sana, kwa hiyo kuta nazo lazima ziwe nene, na kuta nene ndizo zinazoruhusu vidaka na kuleta ubaridi. Unaona mnyororo huo? Mti mmoja umeamua upana wa chumba, unene wa ukuta, nafasi ya sahani, na hata hali ya hewa ya ndani.

Sultani tajiri kama Said aliishi ndani ya mipaka hiyohiyo. Angeweza kurefusha chumba chake, angeweza kuongeza vioo, lakini hakuwa na uwezo wa kurefusha mkoko.

Barghash aliuvunja mnyororo kwa chuma. Alikuwa ameishi Bombay uhamishoni na kuona majengo ya huko. Mwaka 1875 alizuru London na Paris. Beit al-Ajaib ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti kama zamani, lakini ikaongezewa mihimili ya chuma na nguzo ndefu za chuma cha kusubu zilizoagizwa kutoka ng'ambo. Nguzo hizo ndizo zinazobeba veranda pana zinazoizunguka nyumba nje. Ghafla kumbi zikawa pana, ghorofa zikawa ndefu, sakafu zikatandikwa marumaru. Linatajwa kuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwashwa umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwekwa lifti. Watu wakaliita nyumba ya maajabu, na ndiyo maana ya hilo jina la Kiarabu.

Lakini chuma kilileta kitu kingine kisichoandikwa kwenye vibao vya utalii. Boriti ilitoka mikokoni, fundi alikuwa mtaani, chokaa ilichomwa papo hapo. Nguzo ya chuma ilitoka kiwandani kwa watu wengine. Mwenye jumba la Mtoni angeweza kulitengeneza kwa mikono ya nyumbani. Mwenye Beit al-Ajaib alihitaji meli ije.

Swali la tano: nani alilipa?

Hapa ndipo ziara nyingi za mafunzo huishia, kwa sababu jibu halina picha nzuri. Tulitaje tu.

Mapato ya ukoo yalitoka hasa sehemu mbili. Ya kwanza ni mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, yaliyolimwa na watumwa. Ya pili ni forodha. Sultani hakukusanya ushuru mwenyewe. Aliikodisha forodha kwa wafanyabiashara wakubwa wa Kihindi waliomlipa kiasi maalumu kila mwaka, wao wakabaki na ushuru wa bidhaa. Jairam Shivji na nyumba yake ya biashara waliishika muda mrefu, na baadaye Tharia Topan. Kilichopita forodhani kilikuwa karafuu, gundi ya sandarusi, nguo, shanga, nyaya za shaba na, juu ya vyote, pembe za ndovu. Hadi mwaka 1873, Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa, watu nao walihesabiwa humo. Utumwa wenyewe Zanzibar uliendelea kuwa halali hadi 1897. Maana yake, Beit al-Ajaib ilipowashwa taa, mashamba yaliyoilipia yalikuwa bado yanalimwa na watu wasio huru.

Na sasa turudi kwetu. Pembe hizo hazikuota kisiwani. Misafara ya Waswahili iliyotoka Pangani ilipanda bara kupitia nchi ya Wamaasai, mingine ikifika hadi Ziwa Victoria. Walileta nguo, nyaya na shanga, wakalipa hongo kwa wenyeji, wakarudi na pembe mabegani mwa wapagazi. Pangani wakati huo ilikuwa chini ya sultani wa Zanzibar. Kwa hiyo ushuru wa pembe iliyotoka huku kwenye nyika zetu ulisaidia kununua marumaru ya kule. Na shanga zilizofika kwa njia hiyohiyo zikaingia shingoni mwa mama zetu wa zamani, zikawa pambo letu hadi leo. Tembo wetu wameingia kwenye sakafu yao. Shanga zao zimeingia kwenye shingo zetu. Kijana wa Ngorongoro anayesimama mbele ya Beit al-Ajaib akidhani anatazama historia ya watu wengine, aangalie tena.

Nyumba iliyotazama bahari ilipigwa kutoka baharini

Nilisema mgeuko wa nyumba ni historia. Ushahidi wake ni tarehe 27 Agosti 1896. Siku mbili kabla, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid, mwana wa Barghash, akaingia jumbani na kujitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameifanya Zanzibar nchi lindwa. Manowari za Kiingereza zikajipanga mbele ya majumba. Saa tatu asubuhi zikafyatua mizinga. Chini ya saa moja kazi ilikuwa imekwisha, na watu wa Khalid wapatao mia tano walikuwa wameuawa au kujeruhiwa.

Beit al-Hukm, nyumba ya wanawake, iliharibiwa kabisa. Beit al-Sahil iliharibika vibaya. Beit al-Ajaib yenyewe ilisalimika. Mnara uliokuwa mbele yake uliharibika, na mwaka uliofuata mnara wa saa ukajengwa ukiwa umeshikana na uso wa jumba, kama tulivyouzoea kwenye picha. Baadaye serikali ya kikoloni ikaligeuza jumba kuwa ofisi zake. Veranda zilizojengwa ili sultani aonekane na dunia zikawa mahali pa makarani wa Kiingereza kupunga upepo.

Mtoni, iliyojificha nyuma ya miti yake, ilipata mwisho mwingine: iliachwa, ikatumika kama ghala, ikabaki magofu. Beit al-Ajaib ikaja kuwa makumbusho. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini chokaa, boriti na chuma vinahitaji matunzo kila mwaka. Mwaka 2012 sehemu ya jumba ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara ikaporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Nyumba ya mawe nayo ina umri, na ikisahauliwa inaua.

Hili linatuhusu vipi sisi?

Mtu anaweza kusema: sawa mwandishi, tumefurahi, lakini mimi nasoma ualimu, au uuguzi, masultani wananihusu nini? Wanakuhusu kwa sababu ramani ya nyumba ni ramani ya familia. Anayechora vyumba anaamua nani atalala wapi, nani ataonwa na mgeni, nani atakaa na nani, mifugo itakuwa wapi. Said alichora akamzungushia kila mtu ua. Barghash alichora akawatenga wenye sherehe na wenye kuishi. Mama wa Kimaasai naye anachora: nyumba anaijenga kwa mikono yake, na kila mke ana yake.

Na swali hili ni la leo. Tangu Juni 2022 familia kadhaa kutoka Hifadhi ya Ngorongoro zimehamia Msomera, Handeni, kwenye nyumba za kisasa za vyumba vitatu zilizojengwa na serikali. Wapo wanaozisifu, wapo wanaozipinga, na mijadala yake tunaijua wote humu vyuoni. Mimi naongeza swali la msomaji wa nyumba tu: mchoro ule ulimfikiria nani? Mzee mwenye wake watatu ataugawaje? Mama aliyezoea nyumba yake mwenyewe atakuwa nani ndani ya nyumba ambayo si yake wala hakuijenga? Katikati ya kiwanja pana nini? Ni maswali ya haki kwa yeyote anayechora, awe sultani au mhandisi wa wilaya, na kesho baadhi yetu ndio tutakaokuwa tumeshika hiyo kalamu.

Zoezi la likizo

Nawaachia kazi ya nyumbani, haina maksi wala sapu. Ukirudi kwenu likizo hii, chagua nyumba moja: ya babu, ya tajiri wa zamani wa mtaa, duka la Mhindi la enzi hizo, nyumba ya misheni, boma, yoyote ile. Ichore kwa penseli, hata vibaya. Pima upana wa chumba kwa hatua, kisha tafuta ni nguzo au boriti gani imeamua upana huo. Andika mgeni anaishia wapi na nani anapita zaidi ya hapo. Andika katikati pana nini. Orodhesha vitu vitano vya ukutani na mahali kila kimoja kilikotoka. Halafu mtafute mzee mmoja, msalimie kwa adabu inayostahili, umwulize la mwisho: nyumba hii ilijengwa kwa fedha gani, na kwa mikono ya nani?

Fanyeni haraka lakini. Wazee hawatungoji, na ukuta usiopakwa chokaa mwaka huu unaweza usiwepo likizo ijayo.